Mcheza kwao hutunzwa, ila kwao Lupita ni wapi?

Mcheza kwao hutunzwa. Hii ni methali ambayo kila mtahiniwa wa Kiswahili nchini amewahi kuikariri, na walio wengi huieleza kwa wepesi kuwa anayefanya jambo jema nyumbani huthaminiwa. Lakini aliyewahi kuhudhuria taarabu au ngoma ya arusi kule pwani anajua kwamba kutunza ni zaidi ya kuthamini. Kutunza ni kuinuka kitini, kumwendea mchezaji pale pale anapocheza na kumpa fedha hadharani, watu wakiona. Ni tendo la watu wanaomjua mchezaji kwa mchezaji anayewajua watu wake.

Methali hiyo hunijia kila ninaposikia Wakenya wakisema "Lupita wetu". Ni wetu kwa kigezo gani? Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha huko baada ya familia kuondoka nchini kwa sababu ya ukandamizaji wa kisiasa. Jina lenyewe, Lupita, ni namna ya kulifupisha Guadalupe, jina wanalolienzi Wakatoliki wa Mexico. Alirudishwa Kenya akiwa mchanga, akalelewa Nairobi katika familia ya Waluo, akaenda kusomea Marekani, na umaarufu akaupatia huko. Ukiiuliza ramani kwao ni wapi, itakujibu kwa sauti tatu.

Hoja yangu leo ni kwamba kwao mwigizaji ni kinywani kabla ya kuwa kwenye ramani. Ukitaka kujua kama mwigizaji yuko kwao au ugenini, usimuulize pasipoti. Sikiliza anasema kwa lugha gani na kwa lafudhi ya nani. Tukiisoma hivyo kazi ya Lupita tutamwelewa yeye vizuri zaidi. Tutajiona na sisi pia, ingawa huenda tusipendezwe sana na sura tutakayoiona.

Tuanze Nairobi. Akiwa na umri wa miaka 14, Lupita aliigiza nafasi ya Juliet katika Romeo and Juliet iliyoandaliwa na kundi la Phoenix Players. Ulikuwa uteuzi mzuri, kwa sababu Juliet wa Shakespeare hajatimiza miaka 14. Wengi tumewaona akina Juliet wenye umri wa kuwa mama zake. Lugha ilikuwa Kiingereza, na sidhani kuna aliyeshangaa. Jukwaa "la maana" jijini lilikuwa la Kiingereza tangu enzi za ukoloni, tangu ukumbi wa Donovan Maule, na Phoenix wakairithi desturi hiyo. Walipojaribu Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, pamoja na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, kuigiza kwa Kikuyu mwaka 1977, serikali ilisimamisha mchezo wao na Ngũgĩ wa Thiong'o akaumaliza mwaka akiwa kizuizini. Funzo lilieleweka hata kwa wasiolisema kwa sauti: jukwaa la lugha za wenyeji lina hatari, la Kiingereza lina usalama na heshima.

Na mtu asituambie kwamba Kiswahili kilikuwa hakijakomaa kumbeba Shakespeare. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuchapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. S. S. Mushi naye alitupa Makbeth na Tufani katika miaka hiyo hiyo. Vitabu vilikuwepo. Kilichokosekana Nairobi ni jukwaa la kuvichukulia kwa uzito.

Basi Kiswahili kilikuwa wapi? Kilikuwa kwenye runinga kikituvunja mbavu. Tuliokua na Vitimbi na Vioja Mahakamani tunajua tunachowadai wasanii wale: tunawadai shukrani. Marehemu Benson Wanjau, aliyejulikana kama Mzee Ojwang', alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Kiswahili cha lafudhi ya Kiluo kwa ustadi uliowafanya wengi waape kuwa ametoka Nyanza. Mama Kayai alisimama naye bega kwa bega. Kumudu lafudhi ya watu wengine kwa miongo kadhaa bila kuteleza si kazi ya mchezo, ijapokuwa inaitwa mchezo.

Hata hivyo, kazi yao njema iliota kando yake tabia mbaya isiyokuwa kosa lao. Tulizoea kuwa Mkenya akizungumza Kiswahili chenye athari ya lugha ya mama kwenye runinga, lazima tucheke. Bawabu anasema Kiswahili, tunacheka. Mfanyakazi wa nyumbani anachanganya r na l, tunacheka tena. Meneja, daktari na mpenzi mwenye huzuni huzungumza Kiingereza, na hapo tunakaa kimya kwa sababu sasa mambo ni mazito. Bila kuandika sheria yoyote, tuliwagawia waigizaji wetu lugha: machozi kwa Kiingereza, kicheko kwa Kiswahili.

Binti aliyekulia katika mgawanyo huo ndiye aliyeingia shule ya uigizaji ya Chuo Kikuu cha Yale. Kufikia hapo alikuwa amesomea filamu katika chuo cha Hampshire, amefanya kazi nyuma ya kamera wakati filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, ameigiza katika Shuga, na ameongoza In My Genes (2009), filamu kuhusu maisha ya watu wenye ualbino nchini. Hakuwa limbukeni. Lakini huko Yale aliamua kwamba akitaka kazi lazima ajifunze kuzungumza kama Mmarekani, si jukwaani tu bali hata dukani na kwenye simu. Mwaka 2024, katika podikasti yake Mind Your Own, alisimulia uchungu wa uamuzi huo, jinsi alivyohisi kuwa anajisaliti kila anapofungua kinywa. Alisimulia pia jinsi alivyoamua kuirudia lafudhi yake wakati 12 Years a Slave ilipomtoa mbele ya ulimwengu, ili aonekane na asikike kama yeye.

Wapo watakaosema huku ni kulalamikia kitu kidogo. Jamani, lafudhi ni kitu kidogo kwa nani? Mtangazaji wa kwetu akitamka "shukrani" kama "sukrani", simu za wasikilizaji hazikatiki kituoni siku nzima. Tunaijali lafudhi kupita kiasi. Tatizo ni kwamba tunaijali kwa kuichekelea, wakati mwigizaji anaijali kwa sababu ndicho chombo chake cha kazi, kama vile seremala na randa.

Ukishalitambua hilo, kazi za Lupita zinajipanga upya. Huko nje husifiwa sana kwa uso, urembo na mavazi, na zipo kurasa chungu nzima kuhusu nguo alizovaa kwenye sherehe za tuzo. Mimi nadhani nguvu yake iko kooni. Katika 12 Years a Slave (2013), filamu ya Steve McQueen, Patsey ni mtumwa anayechuma pamba kuliko wanaume wote wa shamba, ambaye bwana wake humtamani na kumtesa. Anapomwomba Solomon Northup amwondolee maisha, Lupita hapazi sauti. Anaomba kama mtu anayeomba msaada mdogo wa jirani, na hapo ndipo mtazamaji anapovunjika. Kazi hiyo ndiyo iliyompa tuzo ya Oscar mwezi Machi 2014, akawa Mkenya wa kwanza kuipata.

Miaka miwili baadaye, alipokuwa angeweza kuchagua filamu yoyote ya fedha nyingi, alikwenda Broadway na Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia. Alikuwa ameifahamu tangu Yale, alikokuwa mwigizaji wa akiba wa tamthilia hiyo hiyo. Mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote watano walikuwa wanawake weusi, jambo ambalo Broadway haikuwa imeliona. Walizungumza Kiingereza cha Liberia, chenye mdundo wake na sarufi yake, na hadhira ya New York ikalazimika kutega sikio. Nafasi ya msichana anayetoka kuwa mateka hadi kushika bunduki ilimfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Tony.

Katika Queen of Katwe (2016) ni mama muuza mahindi wa Kampala, na Kiingereza chake ni cha Uganda hasa. Katika Black Panther (2018) anasema isiXhosa, lugha ambayo mzee John Kani wa Afrika Kusini ndiye aliyewaingizia Wakanda. Tusipuuze jambo hilo. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kwa watoto wengi wa Nairobi kuona katika filamu kubwa lugha ya Kiafrika ikisemwa na wafalme na majasusi badala ya bawabu. Kisha katika Us (2019) alijigawa wanawake wawili, mmoja akiwa na sauti ya kukwaruza inayotoka kwa shida. Mashirika ya watu wenye ulemavu yalimkosoa kwa kuhusisha ugonjwa halisi wa koo na mhusika wa kutisha, naye akaomba radhi. Naona ukosoaji ule ulikuwa wa haki. Unaonyesha pia kuwa anachokifanya kwa sauti yake ni kitu kizito, chenye kuweza kumgusa na kumuumiza mtu.

Niseme kidogo kuhusu ile kauli yake ya usiku wa Oscar, aliyowaambia watoto kuhusu ndoto zao. Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu waitafsiri. Wengi huandika kwamba ndoto zao ni halali. Wachache huandika kwamba zina mashiko au zinafaa. Mwanzoni "halali" hunikera, kwa sababu kinyume chake ni haramu, na Lupita hakuwa akitoa fatwa. Nikiitafakari zaidi, naona hawakukosea sana. Katika nyumba nyingi za Kenya, mtoto akitangaza kuwa anataka kuwa mwigizaji, wazazi humtazama kama aliyetangaza uasi. Udaktari ni halali, uhandisi ni halali, uanasheria ni halali. Uigizaji, wapi! Tafsiri ya wanafunzi inasema ukweli ambao kauli ya asili haikuusema waziwazi: kuna mtu alikuwa ameipiga marufuku ndoto hiyo.

Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka 2021 Lupita alimrudia Juliet, nafasi yake ya utotoni, katika mchezo wa kusikiliza ulioandaliwa na jumba la Public Theater na redio ya WNYC ya New York. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, Mkenya mwenzake ambaye wamefahamiana tangu ujana wao Nairobi. Lugha zilikuwa mbili, Kiingereza na Kihispania. Lupita anakimudu Kihispania, kwani akiwa na miaka 16 wazazi wake walimpeleka Mexico kwa miezi kadhaa ili ajifunze lugha ya nchi aliyozaliwa. Ilikuwa kazi nzuri, na Wamarekani wenye asili ya Kihispania walistahili kuipata. Lakini hebu litazame jambo hili tena: Wakenya wawili waliolelewa Nairobi wanamwigiza Shakespeare kwa lugha mbili, na Kihispania kinatangulia kufika. Kiswahili kiko bado njiani.

Kilifika Agosti 2025. Ukumbi wa Delacorte, ukumbi wa wazi ulio Central Park ambako tangu 1962 watu hutazama Shakespeare bila kulipa kiingilio, ulifunguliwa upya baada ya ukarabati, na tamthilia ya kuufungulia ikawa Twelfth Night. Mwongozaji alikuwa yule yule Saheem Ali. Lupita alikuwa Viola, na Sebastian, pacha wake, alikuwa Junior Nyong'o, mdogo wake wa damu. Mapacha hawa wamenusurika ajali ya jahazi na kutupwa katika nchi ya Illyria, kila mmoja akiamini mwenzake amezama. Katika uongozaji huu ni wageni wanaotoka mbali, na lugha yao ya nyumbani ni Kiswahili.

Kwa nini isiwe Dholuo, lugha ya ukoo wa Nyong'o? Swali hili si la ukabila, ni la ukweli wa maisha. Lupita hajaisahau lugha hiyo; kitabu chake cha watoto, Sulwe (2019), kimebeba jina la Dholuo lenye maana ya nyota. Lakini nadhani uamuzi wa Ali ni wa mtu anayeijua Nairobi. Katika mitaa ya jiji hili, ndugu wa damu hugombana kwa Kiswahili, hutaniana kwa Kiswahili, na kumficha mama siri kwa Kiswahili kilichochanganywa na vingine. Kiswahili ndicho walichokishiriki ndugu wale wawili na mwongozaji wao. Si lugha ya mama kwao wote, ila ni lugha ya nyumbani kwa wote, na tofauti hiyo ndogo ndiyo historia nzima ya lugha ya taifa.

Kinachonivutia zaidi ni hiki. Twelfth Night ni futuhi. Ina mlevi, ina msimamizi mwenye majivuno aliyevalishwa soksi za manjano, ina fitina na barua za uongo. Kicheko chote hicho kiko katika Kiingereza. Kiswahili kimewekwa kwa mapacha, yaani kwa msiba, upweke na upendo wa ndugu. Mgawanyo tuliouzoea kwenye runinga yetu umepinduliwa: kicheko kwa Kiingereza, machozi kwa Kiswahili. Imetubidi kwenda New York kuona jambo ambalo tungeweza kulifanya hapa barabara ya Harry Thuku, katika Jumba la Kitaifa la Maigizo.

Nisipambe kupita kiasi. Kiswahili katika mchezo ule ni kiungo, si chakula. Illyria inatawaliwa kwa Kiingereza, na lugha yetu ni ya wageni wawili ambao mwishowe wanaolewa na kuoa ndani ya Kiingereza. Lugha ikitumiwa kuonyesha tu kwamba mhusika ametoka mbali, inakuwa kama kitenge ukutani. Kazi kubwa zaidi ilikwisha kufanywa mwaka 2012, pale The Merry Wives of Windsor ilipochezwa yote kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe jijini London, na waigizaji kutoka huku kwetu. Wangapi kati yetu wanaikumbuka? Hapakuwa na nyota wa Hollywood, basi hatukupiga vigelegele.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema "Lupita wetu" kwa kifua mbele. Methali haisemi mcheza ugenini hutunzwa akirudi na kikombe. Inamtaka mtu atunzwe anapocheza, uwanjani, kwa lugha ya wanaomtazama. Sisi tulimpa Juliet wa Kiingereza akiwa na miaka 14, kisha tukangoja Wamarekani watuambie kuwa anafaa.

Hali haijakwama kabisa. Tamthilia za runinga kama Selina, Maria na Sultana zimethibitisha kuwa watazamaji wetu watakaa usiku baada ya usiku kumlilia mhusika anayelia kwa Kiswahili. Matangazo ya biashara yamewafuata huko, na matangazo hayafuati hasara. Lakini jukwaa lingali nyuma. Tamthilia za Kiswahili zilizoandikwa kwa ustadi hatuna uhaba nazo. Katika Kigogo ya Pauline Kea kuna Tunu, mwanaharakati anayesimama mbele ya Majoka wa Sagamoyo, nafasi ambayo mwigizaji yeyote wa kike duniani angeitamani. Katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege kuna Sara, mama mgonjwa katika ndoa yenye makovu. Maelfu ya wanafunzi wanawajua wanawake hawa. Wanawajuaje? Kwa amri ya mtihani: weka dondoo hili katika muktadha wake. Wanaweza kukutajia ni nani anamwambia nani, wapi na kwa nini, pamoja na mbinu mbili za lugha. Hawajawahi kuisikia sauti ya Tunu ikitetemeka kwa hasira.

Huenda katika darasa fulani la kidato cha tatu, Homa Bay au Kitui, ameketi msichana mwenye koo kama la Lupita. Ana lafudhi ya kwao, na wenzake humcheka akisoma kwa sauti, kwa hiyo ameacha kuinua mkono. Mwalimu wa Kiswahili anayesoma safu hii anaweza kulifanya jambo moja wiki ijayo bila bajeti wala idhini ya wizara. Amwambie asimame, amsome Tunu kutoka mwanzo wa onyesho hadi mwisho, kwa lafudhi yake ile ile, na darasa lisicheke.